Nafasi ya Kicheko

Sura yangu haikuwahi kuonekana kwenye televisheni hata siku moja, ingawa nilifanya kazi ya televisheni mpaka nywele zikanyonyoka. Nilikuwa mpasha moto. Watu walikuja studio kwa mabasi ya kukodi kutoka miji ya Bolton na Stockport, makoti yamelowa, wamenuna kama wameitwa kuhojiwa. Kabla kamera hazijawashwa, mimi ndiye niliyetoka na kipaza sauti kuwalegeza. Nilimsimamisha bwana mmoja mwenye upara, nikamuuliza aliyekaa naye ni mkewe au mama yake. Mbavu zikishalegea, nilijiondoa pembeni, na mfalme akaingia.

Mfalme alikuwa Clement Harbottle. Katika mchezo wetu, Ufalme wa Matope, aliitwa Mfalme Osgar, mtawala wa Uingereza ambaye hamtamkuta kwenye kitabu chochote cha historia, kwa kuwa alizaliwa baa, vichwani mwa waandishi wawili waliokuwa wamelewa. Taji lilimpwaya. Joho lake lilikuwa la ngozi za sungura, na kasri lake lilivuja. Kila wiki alishindwa vita, na kila wiki alirudi mezani akakuta kuna mtu ameshamla bata bukini wake wa kuchoma. Hapo ndipo aliponguruma: "Nani kamla bukini wangu?" Na nchi nzima ikaangua kicheko, kila wiki, kana kwamba haikujua kinachokuja.

Sasa niwaeleze jambo moja la ufundi, maana bila hilo hamtaelewa kilichomkuta. Mchekeshaji wa studio akishatoa mzaha, hutua. Hukausha uso, akakaa kimya, akawaachia watu nafasi ya kucheka. Kicheko kikianza kushuka, ndipo anaendelea. Akiwahi, watu wanajikatiza ili wasikie, na akichelewa mzaha unapoa. Sijapata kuona mtu aliyejua kuacha nafasi kama Clement. Balaa ni kwamba hakujua kukoma kuiacha, hata nje ya studio. Alikwenda posta akasema, "Naomba stempu mbili," akatua. Alikwenda kwa daktari akasema, "Naumwa hapa, chini ya ubavu," akatua, na daktari, mtu mzima na shahada zake ukutani, akacheka.

Mchezo ulipokwisha hakupata kazi nyingine ya maana. Angepataje? Aliigiza padri, watu wakacheka. Aliigiza baba aliyefiwa na mtoto, wakacheka, na magazeti yakamsifu. Mwishowe akahamia Southport, mji wa pwani ambao bahari yenyewe imeukimbia. Unasimama ukingoni unatazama matope mpaka macho yachoke. Alipanga nyumba ndogo nyuma ya uwanja wa gofu. Hakuwa na mke wala mtoto, wala hata paka. Sebuleni kulikuwa na viti viwili, na kile cha pili hakuna aliyekikalia ila mimi, Alhamisi, nilipokuja kwa gari kutoka kwangu Preston kumletea samaki na chipsi. Kila niliponunua, yule mwanamke wa dukani aliuliza, "Za Mfalme hizo? Mwambie bukini nimemla mimi!" Nilicheka kwa adabu. Moyoni nilitamani kummwagia siki.

Nilimhurumia Clement, na huruma yangu siku zote hutoka kama hasira. Nilimgombeza kwa vumbi, kwa mapazia aliyofunga mchana, kwa sweta aliyovaa wiki nzima. Naye aliniambia, "Ndiyo, Cyril," akatua, akanitazama na uso ule mkavu. Nami nilicheka. Miaka yote ile nilicheka kila alipotua, kwa sababu nisingecheka, nani angecheka?

Alhamisi moja ya Oktoba nilimkuta amekaa kwenye kiti changu badala ya chake. Simu ilikuwa mapajani.

"Thelma amefariki," alisema.

Safari hii sikucheka, ingawa alitua. Thelma Ardern ndiye aliyekuwa malkia wake, Malkia Edburga, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya tarumbeta, aliyekuwa akimpiga mfalme kwa kata ya supu. Baada ya mchezo aliolewa na daktari wa meno wa Shrewsbury, akaacha uigizaji, akazaa binti mmoja.

"Nani kakupigia?"

"Huyo binti, Imogen. Anataka niseme maneno kwenye mazishi. Anasema, 'Anko Clement, tuchekeshe kidogo, Mama angependa.'"

"Basi tutaenda, utawachekesha. Tatizo liko wapi?"

"Sitaki kuwachekesha."

Nilifungua chipsi, nikamgawia. Hakuzigusa. Ndipo akaniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Unakumbuka ile siku ya mwisho ya kurekodi? Baadaye tulienda kantini, bado tumevaa mavazi yetu. Thelma alikuwa anakunywa supu ya njegere. Mimi nilikuwa na mkate mkononi. Nikamwambia, 'Thelma, nakupenda. Nataka tuoane.'"

"Usinitanie!"

"Umeona? Hata wewe."

"Haya, samahani. Endelea. Halafu?"

"Halafu nikatua."

Niliweka uma chini. "Ulitua? Clement! Ulitua baada ya kusema hivyo?"

"Mdomo ulijifunga wenyewe, Cyril. Nikamtazama na uso mkavu, taji kichwani, mkate mkononi. Naye akanipa kicheko. Kizuri, kirefu. Ilikuwa heshima tu ya kazi. Mwenzako akikuachia nafasi, unaijaza."

"Si ungemwambia hutanii!"

"Kantini nzima ilishaanza kucheka. Wapishi, mafundi wa taa, kila mtu. Wote wakanigeukia, wanasubiri."

"Ukasema nini?"

Alitazama mapazia. "Nikasema, 'Nani kamla bukini wangu?'"

Mvua ilikuwa inapiga dirisha. Nilikasirika vibaya sana, na sikujua nimkasirikie nani. Niliikumbuka siku ile. Nilikuwepo kantini, meza ya mlangoni. Nilicheka na mimi.

"Sasa unataka nini?" nilimuuliza.

"Nataka kusema tena. Mara moja tu, mbele ya watu, na waniamini."

"Na mumewe je? Lionel atakuwa pale mbele."

"Lionel alipata maisha mazima, Cyril. Mimi naomba sentensi moja."

Ningemkatalia. Mtu mwenye busara angemkatalia. Lakini nilimwona alivyokaa, mzee mrefu aliyejikunja kwenye kiti kisicho chake, nikashindwa. Nilikwenda jikoni nikachukua mwiko.

Tulifanya mazoezi kwenye meza ya jikoni mpaka siku ya mazishi ilipokaribia. Nikawa ninakuja kila jioni, petroli yote hiyo. Yeye alisema, mimi nilisikiliza, na kila alipotua nilipiga meza kwa mwiko.

"Nilimpenda Thelma," akasema.

Pwaa!

"Sijatua!"

"Umetua. Treni ingepita hapo."

"Niseme vipi, basi?"

"Kawaida. Kama unaagiza maziwa."

"Siwezi kuagiza maziwa. Muuza maziwa hucheka."

"Mungu wangu! Basi sikiliza. Hiyo sentensi usiiweke mwisho. Mwisho ndipo unapotua. Iweke katikati, halafu buruta nyingine nyuma yake, na nyingine, usimpe mtu upenyo. Pumua kabla, usipumue baada."

Alijaribu. Nikapiga meza. Akajaribu tena. Jirani wa upande wa pili akagonga ukuta, nami nikamgongea mwiko. Jioni moja Clement alisimama pale jikoni, kashika kiti kwa mikono miwili, akasema: "Nilimpenda Thelma na sikuwahi kuacha kumpenda na leo nimekuja kumuaga kama mtu anavyomuaga ampendaye, na sasa naketi." Akaketi. Mwiko ulikuwa juu, mkononi mwangu. Sikuushusha. Macho yalinichoma, nikamwambia vitunguu vya jirani vinanuka.

Jengo la kuchomea maiti la kule Shrewsbury liko juu ya kilima, na lina bustani ya waridi ambayo mwezi huo ilikuwa vijiti vitupu. Kama mjuavyo, huko unapewa zamu. Wa kabla yenu wanatokea mlango wa ubavuni wakifuta macho, nanyi mnaingia kwa mlango wa mbele, na wa baada yenu tayari wamesimama chini ya miavuli, gari lao la jeneza likiunguruma. Msimamizi wa mazishi alikuwa na saa aliyoitazama kila mara akidhani hatumwoni.

Watu walijaa. Wengi walikuwa wateja wa Lionel, wenye meno mazuri. Walipomwona Clement akiingia wakaanza kugusana viwiko. Imogen, mwanamke wa makamo mwenye pua ya mama yake, alimkumbatia akamwambia, "Anko, asante kwa kuja. Usituonee huruma, sawa? Tuvunje mbavu." Lionel alikuwa kiti cha mbele. Nilimkumbuka mtu mnene, sasa amebaki koti tu. Alimpungia Clement mkono, akatabasamu kwa shida.

Clement alipopanda pale mbele, kabla hajafungua mdomo, mtu mmoja nyuma alicheka. Niligeuka nikamkata jicho.

Alianza na kisa cha taji lililonasa kwenye nywele za bandia za Thelma wakati wa kurekodi, jinsi walivyotembea wameshikana vichwa mbele ya kamera wakisingizia kwamba ni mapenzi ya kifalme. Akatua. Ukumbi ukacheka. Kicheko kilipanda, kikashuka, naye akakipokea pale pale kinaposhukia, safi kabisa. Akaeleza kisa cha kata ya supu. Akatua. Wakacheka tena, Lionel naye mabega yanatikisika. Mimi nilikuwa nakufa. Hao watu walishapata moto, nami najua watu wakishapata moto huwezi kuwapoza. Ukiwasomea hata tangazo la kodi watacheka. Nilifumbata vidole kana kwamba nina mwiko.

Akashika meza ya mbele kwa mikono miwili. Akavuta pumzi.

"Nilimpenda Thelma na sikuwahi kuacha kumpenda na leo nimekuja kumuaga kama mtu anavyomuaga ampendaye, na sasa naketi."

Akarudi kuketi karibu yangu.

Nimeishi kwa vicheko, na ukimya naujua aina zake zote. Upo ukimya wa mzaha uliokufa, wenye kukohoa na kusogezasogeza miguu. Huu haukuwa huo. Hakuna aliyekohoa. Mwanamke wa safu ya mbele yetu aliinua mkono taratibu akaziba mdomo. Imogen aliacha kutabasamu. Walimwamini, kila mmoja wao. Niliukamata mkono wa Clement, na uso wake, ule mkavu ambao nchi nzima iliujua, ulikuwa umelowa. Kisha Lionel, kule mbele, akageuka polepole akatutazama. Pazia likafungwa mbele ya jeneza, na msimamizi akatuonyesha mlango wa ubavuni.

Chai ilikuwa hoteli moja chini ya kilima. Mnajua chai za mazishi zilivyo: sandwichi za mayai zilizokatwa pembetatu, soseji ndogo zilizookwa ndani ya unga, divai tamu kwa wazee, na watu wazungumzao kwa sauti ya chini kuhusu barabara waliyokuja nayo. Leo walizungumza chini zaidi. Walimpisha Clement kana kwamba ndiye mfiwa. Bibi mmoja alimshika kiwiko akamwambia, "Pole sana, mpenzi," na hakusema neno juu ya bukini. Clement alipokea pole ile na kikombe chake cha chai, akasimama karibu na dirisha wima kabisa. Sijawahi kumwona amesimama vile. Hakuhitaji chochote kutoka kwa mtu yeyote. Nikajisemea, basi, mzee amefika.

Ndipo Lionel akaja. Alikuwa na sahani yenye sandwichi moja ambayo hakuila. Aliiweka dirishani, akaisogeza, akaisogeza tena.

"Clement," alisema. "Kila Krismasi Thelma alikuwa anatusimulia kile kisa cha kantini. Wewe na taji lako na mkate, unamposa. Alikuwa anaigiza mpaka sura yako. Mimi ndiye niliyekuwa nacheka kuliko wote."

"Alikuwa mwigizaji mzuri," Clement alisema.

"Mwaka jana hakusimulia. Imogen alimwomba, akakataa. Alisema amechoka." Lionel aliigusa tena sahani. "Na leo hakuna aliyecheka. Mimi nilisubiri mtu acheke. Niambie ukweli, mzee mwenzangu. Sina kinyongo, naapa. Nataka kujua tu. Nikirudi nyumbani jioni hii, ile nyumba ina viti vyake, ina kikombe chake, na mimi sitakuwa na jambo jingine la kufikiria. Ulikuwa hutanii? Na yeye, alijua? Alikuwa anakaa na mimi huku anajua?"

Clement alimtazama. Nilimwona anaangalia lile koti lililobaki bila mtu ndani yake, na shingo iliyonyolewa vibaya kwa kuwa hakuna aliyemwambia amebakiza nywele. Nadhani aliiona ile nyumba ya Shrewsbury yenye viti viwili. Mtu wa viti viwili anamjua mwenzake.

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo. Clement akanitangulia.

"Nilikuwa natania, Lionel, kantini nilikuwa natania na leo nilikuwa natania, ila uzee umenila, nimesahau pa kutua nikapitiliza mzaha wangu mwenyewe, na ulikuwa mzaha mzuri, muulize Cyril hapa, tumeufanyia mazoezi jikoni wiki nzima."

Hakuacha nafasi hata ya kupitisha uzi. Hakuacha upenyo. Alipumua kabla, hakupumua baada, vile vile nilivyomfundisha.

Lionel aliniangalia. Sijui uso wangu ulifanya nini. Nilisema, "Kweli. Nilikuwa napiga meza kwa mwiko."

"Utani?" Lionel aliuliza.

"Utani mtupu, bwana. Thelma angenipiga na kata kwa kuuharibu hivi."

Mabega ya Lionel yalishuka, na kitu kama sauti kikamtoka, na sikujua ni kilio au ni nini. Clement aliweka kikombe chini. Akaigeukia sandwichi ile pale dirishani, akaitazama kwa muda, akaichukua, akaila yote kwa mara mbili, taratibu. Kisha akaiinua sahani tupu juu ya kichwa chake, akawageukia watu wote wa pale ukumbini, na kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku za studio, akanguruma:

"Nani kamla bukini wangu?"

Akatua.

Watu waligeuka. Kwanza walitazamana. Halafu Lionel akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, machozi yakimtiririka, na wengine wakamfuata, Imogen, wateja wa meno, hata yule bibi wa pole. Kikawa kicheko kikubwa chenye ahueni ndani yake, kile ambacho mpasha moto hukipata mara chache sana maishani. Imogen alimrukia shingoni. "Anko, mbaya wewe! Ulituweza! Mimi nilidhani ni kweli!" Bibi yule alimpiga kwa mkoba begani akicheka, "Na mimi nikakupa pole, mwongo mkubwa!"

Mimi sikucheka. Ni mara ya kwanza aliponguruma vile akatua, nami nikashindwa kucheka.

Tuliondoka kabla ya wengine. Barabara ya kurudi ilikuwa na malori mengi na mvua, vipangusa maji vya gari langu vinalia kwa kuwa ni vibovu, nami nilivitukana mpaka tukapita Chester, kwa sababu ilikuwa lazima nitukane kitu. Nilitaka kumwambia kwamba alipata ile sentensi yake. Walimwamini, niliuona ukimya wenyewe kwa macho yangu, na aliushika kwa muda wa kikombe kimoja cha chai kisha akautoa kwa ajili ya Lionel. Sikujua pa kuanzia. Nikamuuliza kama ana njaa.

"Nimekula sandwichi," alisema.

Taa za magari yaliyokuja zilimpitia usoni moja baada ya nyingine. Tulipokaribia Southport, pale unapoanza kunusa matope, alifuta kioo cha upande wake kwa mkono wa koti.

"Nilimpenda, Cyril," alisema.

Akatua. Alitua vile vile kama zamani, uso mkavu, ananitazama, anasubiri.

Maisha yangu yote kazi yangu ilikuwa kuijaza nafasi ile. Nilishika usukani kwa mikono miwili, nikatazama barabara, nikaiacha ilivyo mpaka tukafika mlangoni kwake.